Maana Mbili za Asili: Jeni na Chimbuko la Seli za Uvimbe

Neno asili, linapotumika kuhusu seli za uvimbe, hubeba maswali mawili ambayo mfasiri hana budi kuyatenga: uvimbe huzuka wapi, na seli yake ya kwanza ilikuwa ya aina gani. Historia ya uvimbe wa Burkitt katika Afrika Mashariki yaonyesha umbali uliopo baina ya maswali hayo.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani yao ilifuata joto, mvua na mwinuko: karibu na ikweta uvimbe ulikuwa haba juu ya mita 1,500 hivi, na kuelekea kusini kikomo hicho kilishuka. Mantiki yake hueleweka upesi kwa anayeteremka kutoka mashamba ya ngoro ya Wamatengo, katika milima yenye baridi ya Mbinga, hadi joto la Mbamba Bay na Liuli kando ya Ziwa Nyasa. Malaria ikashukiwa, pamoja na virusi vya Epstein-Barr vilivyogunduliwa mwaka 1964. Lakini ramani haina la kusema kuhusu seli.

Mwanamke hurithi kromosomu X mbili, ilhali kila seli yake hutumia moja tu. Ikiwa X hizo zina matoleo tofauti ya jeni ya kimeng'enya cha G6PD, jambo la kawaida barani Afrika, tishu zake huchanganya seli za namna mbili. Mwaka 1970 Philip Fialkow na wenzake, akiwemo Peter Clifford wa Nairobi, walionyesha kwamba uvimbe wa Burkitt wa wanawake wa namna hiyo kwa kawaida huwa na toleo moja tu; yaani seli zake ni wazao wa mzazi mmoja.

Mzazi huyo ni nani? Mwaka 1982 ilibainika kwamba jeni ya MYC ya kromosomu ya 8 huwa imehamia penye jeni za kingamwili, mara nyingi katika kromosomu ya 14. Jeni hizo hukatwa na kuungwa upya ndani ya limfosaiti B. Basi kovu hilo ni kama chale ya ukoo: halifutiki hata seli ibadilike sura.

Uvimbe wa ubongo hauna chale iliyo wazi hivyo. Kuhusu meduloblastoma ya watoto, watafiti walilinganisha jeni zinazofanya kazi katika uvimbe na zile za ubongo unaokua. Mwaka 2010 majaribio ya panya yakaonyesha kwamba kundi moja huanzia shina la ubongo, si serebela kama kundi jingine. Majaribio yalihitajika kwa kuwa kufanana si nasaba: seli iliyoharibika yaweza kurudia sura ya seli changa. Kwa hiyo kuiita seli ya kwanza "seli shina" ni kukata shauri kabla ya ushahidi. "Seli chimbuko" hailazimishi jibu.