Tulinde Masikio ya Kijana wa Posho Mili

Ndugu na dada wa vikundi, fungueni kitabu cha mweka hazina wa kikundi chochote chenye posho mili, iwe Keroka, Ogembo, Nyamache au Ekerenyo. Mtaona pesa za dizeli au stima. Mtaona belti, chujio, nyundo za ndani ya mashine, na mshahara wa kijana anayesaga. Ya masikio yake hamtaona. Na huyo kijana ndiye anayesimama kando ya ile ngurumo kuanzia asubuhi mpaka jioni, siku sita kwa wiki.

Mara hii tunaongea juu ya vifaa vya kukinga masikio: vinavyofanya kazi, vinavyodanganya, na kile ambacho kikundi chenyewe kinaweza kuunda. Mfano wetu ni posho mili, lakini maneno haya yanamhusu pia fundi wa jua kali anayekata vyuma kwa grenda, mpasuaji mbao kwa msumeno wa injini, na wale wachonga mawe wa Tabaka ambao siku hizi wanakata na kulainisha kwa mashine ya stima badala ya panga na kisu.

Kwanza, kelele inafanya nini? Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kilichojiviringa kama konokono, na ndani yake kuna chembe ndogo zenye vinywele, karibu 15,000 kwa kila sikio. Sauti ikiingia vinywele vinatikisika, na mtikisiko ule ndio ubongo unaosikia. Kelele kubwa huvilaza kama upepo unavyolaza wimbi shambani. Ukipumzika vinaweza kuinuka tena. Ndiyo sababu mtu akitoka mashineni masikio yanavuma jioni, na asubuhi yamenyamaza. Lakini vikilazwa kila siku vinakufa, na kwa binadamu vikifa havioti tena. Hakuna dawa ya kuvirudisha. Mafuta ya moto, mafuta ya taa, dawa za matone za sokoni, hizo hazifiki huko ndani. Zitaunguza tu njia ya sikio na kukuongezea ugonjwa mwingine.

Kinachofanya watu wasitambue mapema ni kwamba zile sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza. Ngoma unasikia, ng'ombe unasikia, ila herufi kama s, t, f na ch zinafifia. Mama anasema "sita," kijana anasikia "ita." Sauti za wanawake na watoto zinakuwa kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Watu wanasema kijana amekuwa na kiburi, ukimsalimia "Bwakire buya" anapita tu. Kumbe hana kiburi. Hajasikia.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Shirika la Afya Duniani linashika kwamba desibeli 85 kwa masaa 8 kwa siku ndio mwisho wa usalama. Sasa hapa ndipo wengi wanapotea. Desibeli haziongezeki kama shilingi. Kila zikiongezeka 3 tu, nguvu ya kelele inakuwa mara mbili, kwa hivyo muda wa usalama unakatwa nusu. Desibeli 88 ni masaa 4. Desibeli 91 ni masaa 2. Desibeli 94 ni saa moja. Ikifika 100 ni dakika 15 peke yake. Mashine ya kusaga yenye nyundo, ikiwa na injini ya dizeli kando yake, mara nyingi hupita 90. Grenda ikigusa chuma huweza kufika 100. Hesabuni wenyewe kijana anamaliza muda wake saa ngapi za asubuhi.

Kama hamna kipimo, tumieni huu wa bure: simameni wawili umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa. Kama mnalazimika kupaza sauti ndio mwelewane, basi hapo kelele imefika 85 au imepita.

Tuje kwenye vifaa. Wengi wetu tunaanza na pamba. Ile pamba kavu ya duka la dawa, au karatasi ya choo, au kona ya kitambaa iliyosokotwa, haizuii vya kutosha, kwa sababu sauti ni hewa inayotikisika na pahali hewa inapita sauti inapita. Ukiweza kupuliza pumzi kupitia kitu hicho, kelele pia itapita. Kule Berlin, Ujerumani, mwuza dawa mmoja aitwaye Max Negwer alilimaliza jambo hili kitambo. Mwaka wa 1908 alianza kuuza vizibo vya pamba ile ile, lakini imeshindiliwa mafuta ya vaselini na nta, akaviita Ohropax. Pamba haikubadilika. Nta ndiyo iliyoziba. Basi shikeni hilo neno, kuziba, kwa maana ndilo linaloamua kila kifaa cha masikio, kiwe cha bei ya chini au ya juu.

Vizibo vya sponji laini, vile vidogo vya manjano au rangi ya chungwa, vilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1972. Ukikifinya kinakaa kimefinywa kidogo, halafu kinafura polepole na kujaza njia ya sikio lako jinsi ilivyo, maana hakuna masikio mawili sawa. Vinafanya kazi vizuri sana vikivaliwa sawasawa, na watu wengi hawavivai sawasawa. Nawa mikono kwanza. Sokota kizibo kati ya vidole mpaka kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili njia inyooke, ingiza kizibo, kisha kishike na kidole mpaka nusu dakika ipite. Ukiongea na sauti yako mwenyewe inasikika nzito kama uko ndani ya pipa, kimekaa. Kama mwenzako akikuangalia usoni anaona sponji limetokeza nje, hakijaingia.

Ila kwa posho mili vina shida moja, nayo ni vumbi la unga. Mikono ya msagaji haiko safi hata dakika moja, na kusokota sponji kwa mikono hiyo ni kupeleka uchafu sikioni. Mtu mwenye sikio linalotoa usaha asiingize kizibo chochote. Aende hospitali kwanza.

Kwa kazi hii mimi napendelea vifuniko vya masikio, vile vyenye vikombe viwili na kipinde cha kupita juu ya kichwa. Vinavaliwa mara moja, vinavuliwa hata na mikono michafu, na mwenyekiti akipita barabarani anaona kama kijana amevaa au hajavaa. Mwangalie vimeundwaje. Kikombe ni cha plastiki ngumu isiyo na tundu, kwa sababu kitu kigumu na kizito hakitikisiki upesi. Ndani kuna nafasi ya hewa, na sponji la kumeza sauti inayozunguka humo. Ukingoni kuna mto laini unaokaa kwenye ngozi kuzunguka sikio lote. Na kipinde kinakandamiza hivyo vitu vyote kichwani. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, kifuniko ni pambo. Mto ukipasuka, au kipinde kikilegea kwa kuning'inizwa shingoni na kuvutwa vutwa, hewa inapata mlango na kelele inaingia nayo, kama paa la mabati lenye tundu moja la msumari: nyumba nzima italowa.

Hapa akina mama wasikilize. Kitambaa cha kichwani kikipita chini ya ule mto, mto hauzibi. Nywele zilizosukwa nene, hali kadhalika. Mkono wa miwani pia. Kitambaa kifungwe nyuma ya masikio au juu ya kipinde, kisipite kati.

Kipimo cha kuziba ni hiki, kinafaa kwa kifaa chochote. Ukiwa umevaa na mashine inanguruma, kandamiza vikombe kwa viganja. Kama kelele inapungua sana, kulikuwa na mwanya. Kama haibadiliki, kimeziba.

Wengine watauliza, je, fundi wetu hawezi kuunda hivi vifuniko, tusinunue? Anaweza kukata kikombe cha plastiki na kupinda waya, hilo si gumu. Ugumu uko kwenye ule mto na nguvu ya kipinde. Kikikaza sana kichwa kinauma na kijana atakitoa, kikilegea hakizibi. Na mtu aliyevaa kifaa kisichoziba ni hatari kuliko asiyevaa, kwa sababu anasogea karibu zaidi akidhani amekingwa. Kwa maoni yangu vifuniko vinunuliwe, na fundi apewe kazi kubwa zaidi ambayo dukani haiuzwi: kupunguza kelele ya mashine yenyewe.

Aanze na bomba la moshi. Liwekwe saileni nzima isiyotoboka, lielekezwe juu na mbali na pale watu wanaposubiri. Nati zilizolegea zikazwe, beringi zilizokwisha zibadilishwe, na nyundo zikibadilishwa zibadilishwe kwa jozi zenye uzito sawa, la sivyo mashine itatetemeka yote. Chini ya miguu ya mashine weka vipande vya tairi kuukuu. Kama nyumba ni ya mabati matupu, ukuta wa matofali kati ya injini na msagaji utasaidia sana, kwa maana bati jembamba hutikisika na kupitisha kelele. Lakini injini isifungiwe ndani ya chumba kisicho na hewa. Ule moshi huua kimya kimya, na afadhali masikio kuliko uhai.

Halafu foleni. Mahali pa wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili kelele hupungua karibu desibeli 6. Benchi la wateja likitolewa mita 2 kutoka mlangoni likapelekwa mita 8, ni kama desibeli 12 zimetoka bila kununua kitu. Kumbukeni wengi wa wanaosubiri hapo wana watoto mgongoni, na mtoto hawezi kujiziba.

Tukirudi kwa vifuniko, dukani mtaona vimeandikwa namba, kama 25 au 30. Ni desibeli zilizopunguzwa kwa majaribio ya maabara, kichwani pa mtu aliyevaa kwa uangalifu mkubwa. Kwa kazi za kwetu, shikeni nusu. Msikimbilie namba kubwa kuliko zote pia. Mtu asiyesikia kitu kabisa hatasikia belti ikianza kukatika wala mtu akimwita "zima!" Inatosha sauti inayomfikia ishuke kama 75 hadi 80.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila kamati iisome mara mbili. Chukua kifuniko kizuri kinachopunguza desibeli 30. Kijana akikivaa masaa 8 yote ya kelele, anapata 30. Akikitoa dakika 24 tu kwa jumla, mashine ikiwa inanguruma, ulinzi wake wa siku nzima unashuka mpaka karibu 13. Dakika 24 si nyingi. Ni mteja huyu kuuliza bei, yule kubisha gorogoro zake ni ngapi, simu kulia, sikio kuwasha.

Kwa hivyo kazi yenyewe ipangwe ili asiwe na sababu ya kuvitoa. Mwanakikundi mwingine akae kwenye meza mbali na mashine, apokee pesa, aandike jina na gorogoro kwenye karatasi ndogo, karatasi iende na mahindi. Mkubaliane alama za mikono za zima, washa na subiri. Na akitaka kuongea, azime mashine au atoke nje kabla ya kuvua. Zile waya za masikioni za kusikiliza nyimbo, ambazo vijana wanasema ati zinazuia kelele, hazihesabiki. Anaongeza muziki mpaka ushinde mashine, na sikio linalipia yote mawili.

Kuhusu sheria, kanuni za kelele za mwaka wa 2005 hapa Kenya zinasema mfanyakazi asiwekwe kwenye wastani unaopita desibeli 90 kwa masaa 8 ndani ya siku moja, na zinataka mwajiri awe na mpango wa kukinga masikio. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Wale wetu walio kwenye viwanda vya chai wana haki ya kuviuliza, na wakipewa wavivae. Lakini kikundi chenye posho mili kisifikiri maneno haya ni ya viwanda tu. Mkishamwajiri kijana kuwasagia, nyinyi ndio mwajiri.

Katika mkutano wenu ujao mweka hazina aandike vifuniko jozi mbili, moja ya kijana na moja ya anayemshikia zamu, pamoja na mito ya kubadilisha. Mito hufutwa jioni kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, isiachwe juani, na hubadilishwa mara inapokuwa migumu au ikipasuka. Vikombe vitundikwe msumarini mbali na unga, na visining'inizwe kwa kuvuta kipinde.