Nenda Mzima uone maji ya Mombasa yanakotoka

Kama unaishi Mombasa, siku mfereji wenu usipokuwa mkavu, jaza glasi moja uyatazame hayo maji. Huenda yamesafiri zaidi ya kilomita 200 kukufikia. Na wewe wa Nairobi, unayepita Mtito Andei kila Desemba ukienda Pwani, pale umezoea choo na chipsi tu. Kumbe lango la Mbuga ya Tsavo Magharibi liko papo hapo kando ya barabara, na ndani yake kuna chemchemi za Mzima.

Habari mbaya kwanza: hakuna matatu ya kukufikisha huko. Changeni na mabeste zako mkodi gari moja la kuhimili barabara ya vumbi. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, si pesa mkononi, kwa hivyo maliza mambo ya simu mapema, mtandao usije ukakuangusha langoni. Na kitambulisho usisahau! Bila hicho, utathibitishaje kwamba unastahili bei ya Mkenya?

Njiani utaanza kujiuliza kama mmepotea. Ni jua, vumbi jekundu na mawe meusi ya volkano. Halafu ghafla unaona mikindu na mikuyu mibichi kabisa, unasikia tumbili wakizozana, na hewa inakuwa baridi. Hapa ni mojawapo ya sehemu chache mbugani unaporuhusiwa kushuka garini na kutembea. Mtasindikizwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Akikwambia rudi nyuma, rudi. Mamba wa Mzima hana habari na selfi yako.

Maji yenyewe ni maangavu ajabu. Unaona samaki kama vile uko nje ya kioo cha duka. Kipo hata chumba kilichozamishwa bwawani, unateremka ngazi na kuchungulia kupitia madirisha. Lakini usiende na matumaini makubwa ya kumwona kiboko akipita hapo. Wengi hupendelea kukaa mbali na watu, na sioni ajabu. Kaa kimya juu ukingoni, utawasikia wakikoroma kabla hujaona masikio.

Sasa, mbona kuna maji mengi hivi kwenye nchi kavu namna hii? Jibu liko kwenye vilima vya Chyulu. Vilima hivyo ni vya volkano, na mawe na majivu yake hunyonya maji kama sponji. Mvua ikinyesha na ukungu ukinaswa na msitu wa juu, hutaona mto wa kudumu ukiteremka. Maji huzama, huchujwa na kusafiri chini kwa chini takriban kilomita 50, kisha huibuka Mzima. Zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, kwa makadirio. Yanayobaki huingia Mto Tsavo, na mwishowe kufika baharini kupitia Galana.

Kwa hivyo mtu akikata mti Chyulu kuchoma makaa, ama moto ukiteketeza nyasi na msitu kule juu, anachezea mfereji wa mtu aliye Likoni au Kisauni. Bomba la kupeleka maji Mombasa lilijengwa miaka ya 1950, na maji huteremka yenyewe kwa mwinuko wa ardhi, bila pampu. Hadi leo Mombasa bado inalitegemea.

Halafu kuna hili la kuudhi, ambalo watalii wengi hawalisikii. Chemchemi ziko Kaunti ya Taita Taveta, na kwa miaka mingi viongozi na wakazi wa huko wamelalamika kwamba maji yanawapita kwenda Pwani huku vijiji vyao vikibeba mitungi. Wanadai mgao wa maji na mgao wa mapato. Wanaishi na ndovu wanaovamia mashamba, wanaambiwa watunze mazingira, na bomba linapita. Kusema kweli, ningekuwa wao ningepiga kelele zaidi. Mpango wa bomba la pili umezungumziwa miaka nenda miaka rudi.

Na usidhani maji yakiwepo basi kila kitu kiko sawa. Ukame wa 2009 uliwaua viboko wengi wa Mzima ilhali bwawa lilikuwa na maji. Walikosa nyasi. Kiboko hushinda majini mchana, usiku hutoka kulisha, kisha hurudi na kinyesi chake hulisha wadudu na samaki wa bwawa. Yeye ndiye mpishi wa jikoni lile lote.

Fika asubuhi mapema ukiweza, kabla ya jua kukaza. Beba maji ya kunywa (ndiyo, hata huko), viatu vya kufunga na kofia. Muda ukibaki, mwombe dereva awapitishe Shetani, uwanda mweusi wa lava karibu na Chyulu, uone mawe yenyewe yanayopitisha maji. Ila mtoke mbugani kabla ya lango kufungwa jioni. Mkiwa njiani kurudi Mtito, viboko nao ndio kwanza watakuwa wakipanda ukingo kwenda kutafuta nyasi.