Jitu la Kinamasini na Waandishi Wake

Wasomaji wa hadithi za picha za kutisha wana ugomvi wao usiokwisha. Hadithi iliyokufa ikafufuliwa, kisha ikatiwa mikononi mwa mwandishi mwingine, je, ni ile ile, au ni nyingine iliyovishwa kanzu ya marehemu? Ugomvi huu si wa watoto. Na sisi watu wa pwani, ambao mashairi yetu hurithiwa, hujibiwa na kuongezwa, tuna haki ya kutia neno letu.

Mfano ulio wazi zaidi ni Swamp Thing, yaani jitu la kinamasini. Lilizaliwa Marekani mwaka 1971 katika jarida la House of Secrets, toleo la 92. Mtungaji wake ni Len Wein, na mchoraji ni Bernie Wrightson. Ilikuwa hadithi fupi ya mara moja tu, lakini wasomaji waliipenda, hata mwaka 1972 kampuni ya DC ikalipa jitu jarida lake lenyewe na asili mpya. Alec Holland, mtaalamu wa sayansi, anatiliwa bomu katika maabara yake huko Louisiana. Anakimbia akiwaka moto, anajitupa kinamasini, na kinachozuka ni jitu la mizizi, majani na matope. Tamaa yake ni moja: kurudi kuwa mwanadamu. Wrightson alichora matoleo 10, Wein akaandika 13, kisha wakaja wengine. Mwaka 1976, baada ya matoleo 24, jarida likafa.

Mwaka 1982, Wes Craven alipotoa filamu ya jitu hili, jarida nalo lilifufuliwa. Mwandishi alikuwa Martin Pasko. Biashara haikuchangamka, na jarida likakaribia kaburi lake la pili. Hapo mhariri akamwita Mwingereza mmoja, Alan Moore. Na mhariri huyo alikuwa nani? Alikuwa Len Wein mwenyewe, yule mtungaji wa kwanza. Mwenye shamba ndiye aliyemkabidhi jirani jembe.

Moore alianza na toleo la 20. Katika toleo la 21, la mwaka 1984, akafanya jambo lililowagawa wasomaji. Mtaalamu mmoja analipasua jitu, anakuta ndani mna mfano wa mapafu yasiyovuta pumzi na viungo visivyofanya kazi yoyote. Anang'amua kwamba Alec Holland alikufa usiku ule ule wa moto. Mimea ya kinamasini ilikula mwili wake, ikanywa kumbukumbu zake, ikajidhani kuwa ni yeye. Basi miaka yote ile jitu lilikuwa likitafuta kurudi kuwa mtu ambaye halikuwa kamwe.

Wapo wanaosema Moore aliwadhulumu wasomaji wa kale: walimlilia Holland na kumwombea apone, kisha wakaambiwa walikuwa wakililia majani. Wapo wanaosema hapo ndipo hadithi ilipopata maana, kwa kuwa tamaa ya kurudi utu ilikwisha kuwa wimbo wa kila mwezi usio na mwisho. Sisi Waislamu tunajua kwamba habari ya roho ni ya Mola peke yake, wala mmea haurithi roho ya mtu. Walakini tukiisoma kama hadithi, swali lake ni zito: mtu akiondolewa jina na mwili, hubakiwa na nini?

Mimi mizani yangu naichukua katika takhmisa. Washairi wetu wa kale walikuwa wakichukua beti za mwenzao na kuziongezea vipande mpaka kila ubeti ukawa wa vipande vitano, kama alivyofanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kwa maneno ya Liyongo. Sharti ni kwamba maneno ya mwenye shairi yabaki mahali pake, vina vikubaliane, na kilichoongezwa kimulike kile cha kwanza. Asiyejua vina vya mwenzake hana ruhusa ya kutia kipande. Kwa mizani hii Moore anapita. Hakufuta tukio hata moja la Wein. Moto, kinamasi na huzuni vyote vimebaki, naye akatuonyesha maana iliyojificha ndani yake.

Neno moja kwa wazazi. Picha zisiwadanganye mkadhani ni kitabu cha watoto. Toleo la 29 la mwaka 1984 lilitoka bila muhuri wa kanuni ambazo kampuni za Marekani zilijiwekea mwaka 1954, na yaliyomo si ya kumpa kijana wa chuoni.

Moore aliondoka mwaka 1987, akafuata Rick Veitch, aliyekuwa mchoraji wa jarida hilo hilo. Veitch alilirudisha jitu nyuma katika zama zilizopita, na mwaka 1989, katika toleo la 88, alitaka likutane na Nabii Isa, alayhi salaam. Kampuni ilikuwa imekwisha mkubalia, kisha ikageuka ikakataa. Veitch akajiuzulu, na Neil Gaiman na Jamie Delano, waliokuwa wamepangiwa kumrithi, wakakataa kazi kwa kumuunga mkono. Wasomaji wengi huko walimlilia Veitch. Mimi nasema maneno mawili. Mitume si wahusika wa kuchezewa katika picha, na kutochapishwa kwa hadithi ile hakuniumi. Lakini ahadi ni deni. Kama haifai, mtu angeambiwa mapema, si baada ya kumwaga jasho lake.

Baadaye wakaja Doug Wheeler, Nancy Collins, kisha Grant Morrison pamoja na Mark Millar, na jarida likafungwa mwaka 1996. Likafufuliwa tena mwaka 2000 kwa kalamu ya Brian K. Vaughan, na tena mwaka 2011 kwa kalamu ya Scott Snyder, ambaye alianza na Alec Holland mwenyewe akiwa hai. Kila mmoja alipimwa kwa Moore, na hii nayo ni dhuluma. Mshairi hapimwi kwa jirani yake. Hupimwa kwa shairi aliloshika mkononi.

Mwaka 2016 Len Wein alirudi kuliandika jitu lake, matoleo sita, michoro ikiwa ya Kelley Jones. Wrightson alifariki mwezi wa Machi 2017, na Wein akamfuata Septemba mwaka ule ule. Alikwisha anza hadithi nyingine. Kampuni ikaitoa mwaka 2018, picha tupu bila maneno ya wahusika, kwa kuwa aliyekuwa ayaandike hayupo. Hakuna aliyethubutu kumjazia. Mtu aliyewaachia wengine hadithi yake maisha yake yote, mwisho aliachiwa yeye ukimya wake.

Basi msomaji, ukikuta hadithi uipendayo imepewa mkono mwingine, usikimbilie kulaani wala kushangilia. Uliza kwanza: huyu mgeni amevijua vina vya mwenyewe? Kama amevijua, mpe nafasi atie kipande chake. Kama hakuvijua, andika barua useme, kwani hadithi isiyo na wa kuigombea imekwisha kufa, hata ikichapishwa kila mwezi.