Redio Isiyo na Betri: Ufundi wa Mkono na Uwezo wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgagaa na upwa hali wali mkavu. Methali hii inamwafiki fundi anayeokota vipuri vya redio kuukuu, waya na kopo tupu, akaunda kifaa kipya. Mfano bora wa ufundi huo ni redio ya fuwele, ambayo hupokea matangazo bila betri wala umeme wa nyumbani. Makala haya yanaeleza jinsi redio hiyo inavyoundwa na inavyofanya kazi, kisha yanazingatia iwapo Kiswahili kinaweza kuubeba ufundi huo.

Usuli

Fuwele inayotumika hapa ni madini yanayopitisha umeme kwa urahisi kuelekea upande mmoja kuliko mwingine. Jagadish Chandra Bose wa Uhindi alipata hataza ya kifaa cha galena nchini Marekani mwaka wa 1904, naye Greenleaf Whittier Pickard akapata ya silikoni mwaka wa 1906. Mwaka wa 1944, wanajeshi wa Marekani waliokuwa vitani Anzio, Italia, walitumia wembe na ncha ya penseli badala ya fuwele, wakasikiliza matangazo wakiwa mahandakini.

Uundaji

Siku hizi daiodi ya gerimani huchukua nafasi ya fuwele. Fundi huzungusha waya wa shaba uliopakwa vanishi mara 80 hivi kwenye kopo la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 6 au 7. Hiyo ndiyo koili. Ncha yake moja huungwa na antena, yaani waya wa mita 15 hadi 20 ulioinuliwa juu ya miti. Ncha ya pili huungwa na chuma kilichofukiwa kwenye udongo wenye unyevu. Kapasita ya kubadilisha stesheni, iliyotolewa katika redio mbovu, huunganisha ncha hizo mbili. Hatimaye daiodi hutoka upande wa antena hadi kwenye spika ya sikioni, na waya wa pili wa spika hurudi ardhini. Spika hiyo sharti iwe yenye ukinzani mkubwa, takriban omu 2000. Zile za simu hazifai.

Antena hunasa mawimbi. Koili na kapasita huchuja stesheni moja miongoni mwa nyingi. Daiodi huruhusu umeme upite upande mmoja tu, na spika hugeuza badiliko la umeme huo kuwa sauti. Nguvu yote hutoka katika wimbi lenyewe, ndiyo maana sauti huwa hafifu. Redio hii hufaa masafa ya kati, wala si matangazo ya FM. Aidha, antena isipite karibu na nyaya za umeme, na ishushwe kabla ya mvua ya radi.

Nafasi ya Kiswahili

Maelezo yaliyotangulia yanabainisha jambo moja. Majina kama antena, koili, daiodi na kapasita yamekopwa, lakini vitenzi vinavyoeleza kazi yake, kama vile kunasa, kuchuja, kupitisha na kugeuza, ni vya Kiswahili cha kila siku. Ukopaji si aibu: parafujo ilitoka katika Kireno, na leo hakuna seremala anayeiona ngeni. Isitoshe, mwaka wa 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kinachokosekana basi si istilahi pekee, bali matini zinazozitumia.

Upungufu huu una gharama. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ilhali miongozo ya ufundi ingali kwa Kiingereza aghalabu. Kijana aliyeacha shule mapema hujifunza kwa kumtazama fundi wa jua kali. Hujua waya uende wapi, asijue kwa nini. Fundi naye akifariki, ujuzi wake huzikwa pamoja naye.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba Kiswahili kinaumudu ufundi huu. Mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wa kuketi katika kibanda cha fundi, kukusanya maneno yanayotumika humo, na kuandika mwongozo ambao fundi mwenyewe ataweza kuusoma na kuusahihisha. Istilahi isiyofika kibandani itabaki kamusini.