Jua Katika Sanaa ya Wapagani na Wakristo wa Roma

Chini ya Basilika ya Mtakatifu Petro, Vatikani, yamo makaburi ya kale ya Waroma, na dari ya kaburi moja dogo, la ukoo wa Julii, imepambwa kwa mozaiki, yaani picha iliyoundwa kwa vipande vidogo vya rangi vilivyopangwa kimoja kimoja. Inamwonyesha mtu akiwa ndani ya gari linalovutwa na farasi weupe, joho lake likipepea, mkononi ameshika tufe, na miale ikichomoza kichwani pake. Mroma wa karne ya 3 angemtambua mara moja kuwa ni mungu jua, yule ambaye Wagiriki walimwita Helios. Hata hivyo, picha hiyo imezungukwa na mizabibu, na kutani wamo Yona, mvuvi na mchungaji aliyebeba kondoo, alama walizozipenda Wakristo. Ndiyo maana wataalamu wengi husema kwamba mpanda gari huyo ni Kristo.

Fundi aliyeiunda alitumia lugha ya picha iliyoeleweka kwa wote. Mwaka 274 Kaisari Aurelianus alilijengea Jua Lisiloshindwa, yaani mungu jua, hekalu mjini Roma, na hata Kaisari Konstantino, aliyejitangaza kuwa rafiki wa Wakristo, aliendelea kwa miaka kadhaa kutoa sarafu zilizomtaja mungu huyo kuwa mwandani wake. Sheria yake ya mwaka 321 iliamuru mahakama na watu wa mijini wapumzike katika siku ya Jua, ambayo ndiyo Jumapili yetu, ingawa wakulima waliruhusiwa kuendelea na kazi zao mashambani.

Wakristo nao walikuwa na sababu zao wenyewe za kutumia picha ya jua, kwani nabii Malaki alikwisha kutaja jua la haki, na wao walisali wakielekea mashariki, desturi iliyomlazimu mwandishi Mkristo Tertullianus kukanusha kwamba waumini wenzake waliabudu jua. Mpaka kati ya kusali hivyo na kuliabudu jua haukuwa wazi kwa kila mtu: katika karne ya 5 Papa Leo I aliwakemea Wakristo waliofika kwenye ngazi za basilika ya kale ya Mtakatifu Petro, wakageuka na kuliinamia jua linalochomoza kabla ya kuingia ndani.

Wanaodai kwamba hata Krismasi iliibwa kwa wapagani hutegemea zaidi kalenda ya Roma ya mwaka 354, inayotaja Desemba 25 kuwa sikukuu ya Asiyeshindwa, yaani mungu jua, na pia siku ya kuzaliwa Kristo. Ushahidi huo hautoshi, kwa kuwa wapo Wakristo wa kale walioamini kwamba Yesu alitungwa mimba Machi 25, na miezi tisa ikihesabiwa kuanzia hapo huishia tarehe ileile. Kukopa mtindo wa kuchora utukufu ni jambo moja, na kukopa imani ni jingine.

Mtindo huo haujapotea. Duara la nuru lililozunguka kichwa cha mungu jua lilihamia kwa Kristo na baadaye kwa watakatifu, na monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi Takatifu, hadi leo hutengenezwa mara nyingi kwa umbo la jua lenye miale ya dhahabu, katika parokia za Afrika Mashariki kama ilivyo Roma.