Kupanda Mrehani Nyumbani, na Maji Yanayokaa Chini ya Mkebe

Ni nyumba chache katika Mji wa Kale wa Mombasa ambazo uani mwake hamna mkebe wa mrehani. Majani yake hufungwa pamoja na asumini na mkadi yakawa kikuba, nacho wanawake hukipachika nguoni au nyweleni siku za arusi. Mbegu zake hutiwa katika faluda, ambamo huvimba na kujivika utelezi. Wageni wengine huziogopa mpaka wazionje. Mmea wa jamii moja nao ni kivumbasi, uotao mashambani na kando ya njia. Harufu yake ni kali kupita ya mrehani, na tangu zamani watu wa pwani wameutumia kufukuzia mbu.

Je, mimea hii hufukuza mbu kweli? Jambo hili limepimwa. Wataalamu waliofanya majaribio karibu na Ziwa Victoria, wakatangaza matokeo yao mwaka 2002, waliweka kivumbasi kilicho hai katika vyungu ndani ya vibanda walimolala watu, kisha wakawahesabu mbu wa malaria. Mbu walipungua kwa kadiri ya wanne katika kila kumi. Basi wazee hawakusema uongo. Lakini mwenye kusoma hesabu hiyo na asome pia upande wake wa pili: katika kila mbu kumi, sita walikuja vilevile, na mmoja tu mwenye vijidudu vya malaria atosha kumlaza mtu kitandani. Kwa sababu hiyo mkebe wa kivumbasi dirishani ni msaada wa chandarua chenye dawa, wala hauwezi kushika mahali pake.

Kuupanda mrehani si kazi ngumu, ila kisiwa cha Mombasa kina taabu zake. Udongo wake ni haba, umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi yana chumvi. Mrehani hauipendi chumvi: majani hukauka pembeni, kisha huanguka. Yafaa kutumia maji ya mvua au ya bomba. Mchanga wa pwani usitumiwe kabisa. Utafutwe udongo mweusi, uchanganywe na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza, utiwe katika kopo au debe lililotobolewa matundu kwa msumari. Mbegu ni ndogo mno, nazo zikizikwa chini sana haziwezi kutoka. Zinyunyizwe juu, zifunikwe kwa udongo mwembamba, na baada ya juma moja hivi zitaonekana zimechipuka. Mkebe uwekwe mahali panapopata jua kwa saa tano au sita. Katika vichochoro vya Mji wa Kale jua ni adimu kama nafasi, kwa hiyo wengine hupandisha mikebe yao juu ya nyumba. Mmea ukifika urefu wa shibiri moja, ncha yake ikatwe juu kidogo ya majani mawili yaliyoelekeana, nao utatoa matawi mengi. Ukiachwa utoe maua mapema, majani hupungua.

Sasa lipo jambo ambalo wapandaji wengi hawaliangalii. Ili maji yasichafue sakafu, watu huweka kisahani chini ya mkebe, na maji hukaa humo siku nyingi. Humo ndimo azaliwamo mbu wa namna nyingine, mweusi mwenye alama nyeupe miguuni, ambaye wataalamu humwita Aedes aegypti. Huyu hangoji usiku, bali huuma mchana, wakati ambapo hakuna aliye ndani ya chandarua. Ndiye aenezaye homa ya dengi, iliyozuka Mombasa mwaka 2013, na pia chikungunya, iliyowapata watu wengi wa mji huo mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Wagonjwa wengine wa chikungunya walibaki na maumivu ya viungo kwa miezi mingi.

Mbu huyu hutaga mayai yake ukingoni mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo hunata, na yaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Kumwaga maji tu hakutoshi. Kisahani kisuguliwe kwa brashi ndani na ukingoni mara moja kila juma, kwa kuwa tangu yai mpaka mbu kuruka huchukua siku saba hadi kumi. Bora zaidi ni kukiacha kisahani na kuuweka mkebe juu ya vipande vya mawe. Matawi yanayooteshwa mizizi katika gilasi yabadilishiwe maji kila siku tatu. Na kwa kuwa maji ya bomba kutoka Mzima, yaliyoanza kufika Mombasa mwaka 1957, hayajatosha mji uliokua hivi, kila nyumba ina mapipa ya akiba. Hayo nayo yafunikwe kwa kitambaa kisichopitisha mbu.

Majani machache ya mrehani katika chakula hayana madhara, lakini mafuta yakamuliwayo katika mimea ya harufu ni kitu kingine. Huko Ulaya uko mnanaa uitwao Mentha pulegium, ambao Warumi waliutumia kufukuzia viroboto. Mafuta yake huharibu ini, na huko Marekani wako waliokufa kwa kuyanywa. Basi mafuta ya namna hiyo yasinywewe, wala mtoto mchanga asinyweshwe maji ya majani makali. Mwenye homa akitaka kujifukiza kivumbasi na ajifukize, lakini apimwe damu siku hiyohiyo.