MIJI YA UDONGO KATIKA MASHAMBA YA BUKUSU

Katika mwaka 1839 Mmarekani mmoja, John Lloyd Stephens, pamoja na mchoraji Mwingereza, Frederick Catherwood, walisafiri katika misitu ya Amerika ya Kati kutafuta miji ya kale waliyosikia habari zake. Huko Honduras, mahali paitwapo Copán, walikuta ngazi za mawe, nguzo zilizochongwa sura za wafalme, na nyua pana ambazo miti mikubwa ilikuwa imeota ndani yake. Mji huo ulikuwa umejengwa na Wamaya, nao ulikuwa umeachwa muda wa miaka elfu moja hivi. Jambo ambalo huenda likamchekesha mkulima ni hili, kwamba magofu hayo yalikuwa katika ardhi ya mtu. Stephens alimpa mwenye shamba dola 50 ili apate ruhusa ya kufanya kazi yake humo, naye mwenye shamba alimwona kuwa mpumbavu kwa kutoa fedha njema kwa ajili ya mawe yasiyoliwa wala kupandwa kitu.

Mwenye shamba yule hakuwa mjinga. Alikuwa akiyaona mawe hayo kila siku, na kitu kionekanacho kila siku hakiulizwi habari zake. Hali kama hiyo imo katika mashamba ya Bumula na sehemu nyingine za Bungoma, ila tofauti moja ni kubwa sana: miji ya Wamaya ilijengwa kwa mawe, na miji ya wazee wa Kibukusu ilijengwa kwa udongo. Jiwe humngoja mtafutaji hata kama atachelewa miaka elfu. Udongo haungoji.

Mji wa namna hiyo kwa Kibukusu huitwa olukoba. Waliuzunguka kwa handaki refu, na udongo uliotolewa handakini ukarundikwa upande wa ndani, ukakandwa ukawa ukuta. Kwa hiyo adui aliyefika alikuta mambo mawili mbele yake: shimo la kushuka, na ukuta wa kupanda ambao urefu wake ulizidishwa na shimo lenyewe. Lango lilikuwa jembamba na la chini, likazibwa usiku kwa magogo. Mgeni aliingia akiwa ameinama. Na mtu aliyeinama hawezi kuinua mkuki. Ndani zilikuwamo nyumba za jamaa nyingi, pamoja na ng'ombe, ambao ndio waliokuwa wakitafutwa hasa na wanyang'anyi. Mashamba ya wimbi na mtama yalikuwa nje, nao wanawake walikwenda kulima kukiwa kumekwisha kuangaliwa kwamba njia ni salama.

Haikuwa raha kuishi hivyo. Watu wa boma moja waliamka pamoja na kulala pamoja, na moshi wa nyumba ya huyu uliingia katika nyumba ya yule. Walikubali dhiki hiyo kwa kuwa hatari ya nje ilikuwa kubwa zaidi. Katika karne ya 19 Wateso walikuwa wakisukuma kutoka magharibi, na Wamasai wa Uasin Gishu walishuka kutoka mashariki kuteka ng'ombe. Mapigano kati ya koo na koo nayo hayakukosekana. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita katika nchi hizi mwaka 1883 akielekea ziwani, aliona vijiji vilivyozungukwa na kuta za udongo akaandika habari zake. Hakujua kwamba alikuwa akiviona katika miaka yao ya mwisho.

Msomaji asidhani kwamba kila tuta la kale ni mahali palipoanguka vitani. Boma lilipojaa watu, au udongo wa mashamba yake ukachoka, au wazee wakakosana, baadhi ya watu walitoka wakaenda kujenga jingine mbali kidogo. Ndiyo sababu ya mabaki kuwa mengi kupita idadi ya watu waliokuwako. Mengi yake yaliachwa kwa amani kabisa.

Yaliyotukia mwaka 1895, lakini, hayakuwa ya amani. Wakati huo nchi yote hii ya magharibi ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, nayo haikuunganishwa na Kenya mpaka mwaka 1902. Serikali ilikuwa na kituo kule kwa Mumia, mfalme wa Wanga. Palikuwa na ugomvi juu ya bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu, na mwaka 1894 askari wa Kisudani waliotumwa kutoka kituoni kwenda kuzirudisha walishambuliwa wakauawa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, C. W. Hobley aliongoza jeshi la kulipiza kisasi. Humo walikuwamo askari wa Kisudani, Waganda, watu wa Mumia na Wamasai, nao walikuwa na bombomu.

Walianza na boma la Lumboka, ambalo masimulizi ya wazee hulitaja pamoja na jina la Mukite wa Nameme. Ukuta uliokuwa umewashinda washambuliaji wengi wenye mikuki haukuweza kusimama mbele ya silaha hizo. Waliosalimika walikimbilia boma la Chetambe, juu ya kilima karibu na mahali ambapo sasa pana mji wa Webuye. Boma hilo lilijengwa na Chetambe, mzee wa Kitachoni, na Wabukusu walipokewa humo wakapigana bega kwa bega na wenyeji. Nalo likavunjwa. Waliouawa walikuwa mamia, na ng'ombe na mateka wengi wakachukuliwa.

Miaka 52 ilipita. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwapandisha maelfu ya wafuasi wake juu ya kilima cha Chetambe wakafanya sadaka na kuwaombea waliokufa pale. Hata mtu asiyekubaliana na mafundisho ya Masinde aweza kuona jambo lililo wazi katika tendo hilo: kwa watu wale, tuta la udongo lililoota nyasi lilikuwa kaburi na kitabu cha historia kwa pamoja.

Baada ya vita vile watu hawakutoweka. Hofu ya mashambulizi ilipopungua, kila mtu alitoka ukutani akajenga nyumba yake katikati ya shamba lake, kama desturi ilivyo mpaka leo. Kuta zikaachiwa mvua. Hapo ndipo habari za Wamaya zinapofaa kukumbukwa tena, maana vitabu vingi hupenda kusema kwamba Wamaya walitoweka kwa siri isiyojulikana. Si kweli. Miji yao mikubwa ya kusini, kama Tikal na Copán, iliachwa katika karne za 9 na 10, nao wataalamu hutaja vita vya wafalme, ukame wa miaka mingi na ardhi iliyochoka. Lakini watu wenyewe walihamia kwingine, wakajenga miji mingine, na mji wao wa mwisho wa kujitawala haukutekwa na Wahispania mpaka mwaka 1697. Leo wako mamilioni katika Guatemala, Meksiko na nchi za jirani, wanasema lugha zao karibu 30, na wengi wao ni wakulima wa mahindi. Mahindi yenyewe yalianza kulimwa huko Meksiko miaka 9,000 hivi iliyopita. Hata mbegu ya H611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964 na kupendwa sana na wakulima, ilipatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na aina iliyoletwa kutoka Ecuador, Amerika ya Kusini.

Wamaya waliwazidi wazee wa Kibukusu katika jambo moja lisilobishika: waliandika. Nguzo za Copán zina tarehe zilizochongwa, hata siku ya kutawazwa kwa mfalme yajulikana. Walihesabu siku kwa kalenda mbili, moja ya siku 260 na nyingine ya siku 365, ambazo hukutana kila baada ya miaka 52. Wabukusu hawakuchonga tarehe, lakini si haki kusema kwamba hawakuhesabu. Hesabu yao imo katika rika za tohara, ambazo ni nane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Kila rika huchukua miaka kumi na zaidi, na zote nane zikiisha, karne moja hivi imepita, jina la kwanza hurudi tena. Kwa hiyo wavulana waliotahiriwa mwanzoni mwa karne hii ya 21 ni Kolongolo, kama walivyokuwa wale wa mwanzoni mwa karne ya 20.

Hesabu hii si mchezo. Mzee akisema kwamba boma fulani lilijengwa na baba yake babu yake, aliyekuwa rika la Nyange, naye mwandishi wa historia akajua mahali pa mzee huyo katika mfululizo wa uzazi, hupata kukadiria wakati lilipojengwa. Kwa njia ya namna hiyo, kwa kutembea na kuuliza, mtaalamu R. T. K. Scully aliandika habari za maboma ya Bukusu ya mashariki katika jarida la Azania mwaka 1969, na tena habari za makazi ya kale ya Bungoma mwaka 1979. F. E. Makila naye alitoa kitabu chake cha historia ya Wabukusu mwaka 1978. Walikuta wazee ambao wazazi wao walizaliwa ndani ya kuta. Wazee hao sasa wamekufa wote.

Ni rahisi sana kukosea pasipo masimulizi. Ushahidi uko karibu, upande wa Kitale na katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, ambako kuna mashimo mapana ya mviringo yaitwayo mashimo ya Sirikwa. Kwa miaka mingi wageni waliyaona wakasema kwamba watu wa kale waliishi shimoni. J. E. G. Sutton alipoyachunguza katika miaka ya 1960 alionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba zilijengwa kando yake. Watu waliokuwa wafugaji hodari walikuwa wamefanywa kuwa wakaaji wa mapango kwa sababu hakuna aliyewauliza Wakalenjin, ambao babu zao ndio waliochimba.

Mabaki mengine katika Kenya yamepata bahati nzuri zaidi. Gedi, mji wa mawe ulio karibu na Malindi, ulichimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Thimlich Ohinga, kuta za mawe yasiyo na saruji huko Migori, ziliingizwa mwaka 2018. Zote mbili ni za mawe. Ukuta wa udongo haupigwi picha nzuri, wala haumleti mtalii.

Nao unazidi kupungua. Jembe la mkono lililipita tuta bila kuligusa, kwa kuwa kulilima kulikuwa taabu. Jembe la ng'ombe lilianza kulikata kandokando, na trekta ya kulimia miwa hulisawazisha kwa asubuhi moja. Mwenye kutaka matofali naye huona kwamba udongo umekwisha kurundikwa tayari. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Shamba ni dogo, watoto ni wengi, na handaki lisilolimwa ni hasara ya magunia.

Mkulima aweza kulitambua boma la kale kwa dalili hizi: tuta lipindalo kama upinde badala ya kwenda sawa kama kinga ya maji, bonde dogo nje ya tuta hilo, ambamo nyasi hubaki mbichi wakati wa kiangazi, na, ndani yake, vigae vya vyungu, mawe ya kusagia yaliyochimbika katikati, au mavi ya chuma kutoka katika viwanda vya wahunzi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yamtaka mtu aliyegundua mahali pa namna hiyo atoe taarifa katika muda wa siku 7, na vitu vyenyewe haviruhusiwi kuuzwa. Makumbusho ya karibu ni yale ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974 kutokana na mkusanyo ulioanzishwa na Stoneham mwaka 1926.

Mambo manne yatakayoulizwa huko ni haya: jina la boma, ukoo uliolijenga, rika la aliyelijenga, na upande lilipokuwa lango. Matatu ya kwanza hupatikana kwa mzee. La nne laweza bado kuonekana lenyewe, pale tuta linapokatika kwa nafasi ya hatua mbili au tatu, ikiwa msimu wa kulima haujaanza.